Kimbunga cha siku tisa mbele: kwa nini kilitoweka kwenye ramani

SWALI: Ninauza nguo Gikomba na ninaishi Umoja, lakini mama na mjomba wangu wako Mayungu, karibu na Malindi. Tangu kimbunga Hidaya cha mwaka 2024 nimekuwa nikifuatilia dhoruba za Bahari ya Hindi kwa simu. Mwezi uliopita niliona kimbunga kinaingia Malindi siku tisa mbele, nikatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mama hakulala. Mjomba alivuta mashua nchi kavu akapoteza siku nne za uvuvi. Siku iliyofuata ramani ilikipeleka kimbunga Msumbiji, na baada ya siku mbili hakikuwepo kabisa. Sasa nyumbani wananiita mzushi. Nilikosea wapi? Modeli ipi ni ya kuaminika? Niendelee, au niwaachie wenye kazi yao? Na je, nilipie Windy, programu ya ramani za hali ya hewa, ile ya pesa?

JIBU: Endelea, dada yangu. Familia ya wavuvi yenye mtu Nairobi anayeangalia bahari kwa makini ina bahati, mradi mtu huyo ajue anachokiangalia ni kitu gani.

Kwa maelezo uliyonipa, picha ile ilitoka kwenye modeli ya Marekani iitwayo GFS. Modeli hii huendeshwa mara nne kwa siku na hutabiri hadi siku 16 mbele. Kila mara kompyuta hupewa hali ya anga ya dunia nzima kama inavyokadiriwa kuwa saa ile, kisha hupiga hesabu kwenda mbele hatua kwa hatua. Hali hiyo ya mwanzo haijulikani kikamilifu popote duniani, na kwenye bahari yetu inajulikana kwa shida zaidi. Ndege ambazo Wamarekani hurusha kuingia ndani ya vimbunga vya Atlantiki, huku kwetu hazipo. Maboya ya vipimo ni machache. Puto la kupimia hewa ya juu hurushwa Dagoretti Corner, hapo kando ya barabara ya Ngong, na vipimo vyake huingia kwenye modeli za dunia. Lakini kati ya pwani yetu na Ushelisheli ni maji matupu, na mzigo wote huachiwa setilaiti. Kosa dogo la mwanzo, la nusu nyuzi ya joto au la upepo uliokadiriwa vibaya mahali pasipo na kipimo, hukua kila siku ya hesabu. Edward Lorenz alilionyesha jambo hili mwaka 1963, na hakuna kompyuta iliyolifuta tangu wakati huo.

Ndiyo maana GFS ina sifa ya siku nyingi ya kuzaa vimbunga vya mbali ambavyo haviji. Ikikuta kundi la mawingu ya mvua kaskazini mwa Madagaska, inaweza kulikunja likawa kimbunga kamili ifikapo siku ya nane au ya tisa. Toleo la pili, saa sita baadaye, linaanza na hali tofauti kidogo na kulikunja mahali pengine. La tatu halikunji kitu. Ulichotuma nyumbani kilikuwa jibu moja la hesabu moja, na picha haikuwa na alama yoyote ya kumwambia mama hivyo. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Kuna kipimo rahisi ambacho kingekuokoa siku ile: jina. Katika sehemu yetu ya bahari, dhoruba haipewi jina hadi ifikie upepo wa kilomita 63 kwa saa. Kituo cha kanda kinachosimamia vimbunga kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 90 mashariki kiko kisiwa cha La Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Majina yenyewe hutolewa na Madagaska kwa dhoruba zilizo magharibi mwa longitudo 55, na Morisi kwa zilizo mashariki yake. Herufi hufuatana katika msimu mmoja, ndiyo sababu Hidaya ilifuatwa na Ialy mwezi uleule wa Mei 2024. Kitu kisicho na jina na kisichotajwa na La Réunion, hata kikionekana chekundu namna gani kwenye simu, bado hakijazaliwa. Wakati wa msimu kituo hicho hutoa pia taarifa ya kila siku inayoeleza kama uwezekano wa dhoruba kuzaliwa katika siku tano zijazo ni mdogo, wa wastani au mkubwa. Anzia hapo kabla ya kufungua ramani yoyote ya rangi.

Kipimo cha pili ni mahali. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Dhoruba hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyokaribia ikweta mpaka inakwisha pale kwenye mstari wenyewe. Kwa hiyo ni nadra dhoruba kuanza ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta, na pwani ya Kenya imekaa kwenye ukanda huo. Nadra, lakini kwa jirani zetu wa kusini si jambo geni. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Kenneth ilikuwa Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya Mei 2024. Na Ialy, wiki mbili tatu baada ya Hidaya, ilikwea kaskazini-magharibi baharini mbele ya Kenya hadi karibu na Somalia, ikaja na upepo mkali uliotolewa onyo na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Tazama miezi hiyo: yote ni Aprili na Mei, msimu unapoelekea kuisha na kaskazi inapompisha kusi. Ukiona dhoruba Januari, kwa kawaida ni shauri la Madagaska, Msumbiji, Morisi na La Réunion. Ukiiona mwishoni mwa Aprili kaskazini mwa Komoro, acha unachofanya na usome kwa makini.

Sasa nikufundishe jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Uliuliza modeli ipi ni ya kuaminika. Modeli ya kituo cha Ulaya, ambayo kwenye programu nyingi huandikwa ECMWF, kwa wastani imekuwa bora kwa njia ya dhoruba kuliko GFS. Lakini wastani hautakusaidia siku ambayo ile bora ndiyo inayokosea, na siku hizo zipo. Kitakachokusaidia ni kuangalia jinsi utabiri unavyobadilika.

Fanya hivi. Chukua daftari, la karatasi kabisa. Dhoruba ikishapata jina, chagua saa moja isiyobadilika, tuseme Jumamosi saa tisa alasiri. Kila asubuhi na kila jioni fungua toleo jipya la GFS na la Ulaya, sogeza mshale hadi Jumamosi hiyo saa tisa alasiri, kisha andika katikati ya dhoruba iko wapi: latitudo, longitudo, na mgandamizo wa hewa. Usiandike kitu kingine. Sisi wa Nairobi tumebahatika kwa saa: modeli huanza hesabu saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich, na kwetu hiyo ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Toleo la usiku huwa limefika kwenye simu yako asubuhi, la alasiri unalipata kabla ya kulala.

Baada ya siku tatu utakuwa na safu ya nukta kwa ajili ya Jumamosi moja, na nukta hizo zitasema zaidi kuliko ramani yoyote. Zikiwa zimekusanyika mahali pamoja na hazihami, hewa inayoisukuma dhoruba inaeleweka vizuri na unaweza kuanza kuamini. Zikiwa zinasogea upande mmoja kila toleo, kusini, kusini zaidi, kusini tena, basi modeli inajirekebisha kidogokidogo, na mara nyingi bado haijamaliza. Usiishike nukta ya mwisho kana kwamba ndiyo mwisho wa safari. Na zikiwa zimetawanyika, leo Malindi, kesho Beira, keshokutwa hakuna kitu, jibu la kweli siku hiyo ni kwamba haijulikani. Picha yako ya mwezi uliopita ilikuwa ya kundi hili la mwisho, na ungeligundua ndani ya siku moja bila kumwamsha mtu.

Wataalamu hufanya hivyohivyo kwa wingi. Tangu mwaka 1992 kituo cha Ulaya hakipigi hesabu moja tu. Siku hizi hupiga 51, kila moja ikianza na hali iliyobadilishwa kidogo. Wamarekani nao wana 31 zao. Ukimuuliza kondakta wa matatu pale Railways saa kumi na moja jioni mtafika Rongai saa ngapi, jibu la haki ni muda wa kati ya hapa na pale, na siku ya mvua muda huo unatanuka. Hesabu 51 hufanya kazi hiyo. Tafuta ramani inayozionyesha zote kama nyuzi nyingi zinazotoka kwenye dhoruba. Nyuzi zikienda pamoja kwa siku tatu kisha zikatawanyika kama nywele, unajua ujuzi unaishia siku ya tatu. Halafu usiangalie zile zilizo nyingi tu. Kama hesabu tano kati ya 51 zinapeleka dhoruba Lamu, hiyo ni karibu moja katika kumi, na mvuvi ana haki ya kuijua ile moja.

Kwenye taarifa rasmi utakutana na koni, eneo linalotanuka mbele ya dhoruba, na watu wengi huisoma vibaya. Wanadhani walio ndani watapigwa na walio nje wako salama. Koni huonyesha tu mahali ambapo katikati ya dhoruba inaweza kupita. Ile ya kituo cha vimbunga cha Marekani, kwa mfano, hupimwa kutokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita ili katikati ibaki ndani takriban mara mbili katika tatu. Maana yake, mara moja katika tatu itatoka nje. Na haisemi lolote kuhusu upana wa dhoruba. Mvua, upepo na mawimbi vinaweza kufika mamia ya kilomita mbali na jicho, yaani hapo katikati.

Kwa mjomba wako hili la mawimbi ndilo kubwa. Jicho halihitaji kufika Mayungu ili mashua izame. Kimbunga kilicho mbali baharini husukuma mawimbi marefu yanayosafiri kwa siku nzima au mbili na kuingia ufukweni jua likiwaka na upepo ukiwa mwanana. Kwa hiyo acha kumuuliza simu kama kimbunga kinakuja Malindi. Angalia urefu wa mawimbi na muda kati ya wimbi na wimbi kwa siku tatu zijazo, kisha linganisha na taarifa ya bahari ya Idara ya Hali ya Hewa na yale wanayoambiwa kwenye BMU yao, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Mjomba mwenyewe anajua wimbi la mita ngapi linamzuia kupita mwambani. Muulize, uandike kwenye daftari.

Nguvu ya dhoruba ni ngumu kutabiri kuliko njia yake, na sisi wa Afrika Mashariki tumeliona hilo wazi. Jobo ilikuwa dhoruba ndogo. Kwa siku kadhaa ilielekezwa Dar es Salaam, watu wakajiandaa, kisha hewa kavu na upepo wa juu uliokwenda tofauti na wa chini vikaimaliza kabla haijatua. Dhoruba ndogo hupanda na kushuka haraka, na modeli nyingi hazina jicho kali la kutosha kuona kiini chake. Kenneth ilifanya kinyume: ilipata nguvu kwa kasi ikipita kaskazini mwa Komoro. Mtwara ilikuwa imewekwa tayari, shule zimefungwa, kisha tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, upande wa pili wa mto Ruvuma. Nimesikia watu wakisema onyo la Mtwara lilikuwa uongo. Lilikuwa onyo sahihi kabisa. Kwa kimbunga cha aina ile, umbali kutoka Cabo Delgado hadi Mtwara uko ndani ya kosa la kawaida la utabiri wa siku mbili tatu, na waliokufa na kupoteza nyumba zao ng'ambo ya mto wangeweza kuwa wa upande huu.

Utashangaa pia kuona dhoruba moja ikipewa ngazi tofauti kwenye kurasa mbili. La Réunion hupima upepo kwa wastani wa dakika 10. Kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Pearl Harbor hutumia dakika 1, na kwa hiyo tarakimu zake huwa juu zaidi. Ngazi zenyewe pia si zilezile: kwa La Réunion dhoruba huitwa kimbunga ikifika kilomita 118 kwa saa, na kimbunga kikali kuanzia 166. Chagua kituo kimoja, ukae nacho kwenye daftari lako lote.

Ukitaka kuangalia kwa macho yako, angalia setilaiti kabla ya modeli. Ya Ulaya, Meteosat-9, imesimama juu ya bahari yetu, longitudo 45.5 mashariki, na picha zake zinapatikana bure. Mawingu yanayojizungushia katikati, jicho linalofunguka, au kinyume chake, mawingu yaliyosukumwa upande mmoja yakaacha kiini wazi, hayo ni mambo ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kujifunza kuyaona kwa msimu mmoja. Hata wenye kazi yao hutegemea hayo. Vernon Dvorak aliweka utaratibu wa kukadiria nguvu ya kimbunga kwa umbo la mawingu miaka ya sabini, na kwenye bahari isiyo na ndege za vipimo bado ndio unaotumika.

Wewe mwenyewe hapo Umoja kimbunga hakitakufikia. Nairobi iko mamia ya kilomita kutoka baharini na zaidi ya mita 1,600 juu yake, na kimbunga kikiachana na maji ya moto hufa. Mvua yako ni habari nyingine. Machi 2018, Dumazile na Eliakim zilipokuwa upande wa Madagaska, upepo wenye unyevu ulivutwa kutoka Kongo na Kenya ikapata mvua kubwa isiyo ya kawaida. Machi 2019 Idai ilikuwa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, unyevu ukavutwa huko, na masika yetu yakachelewa. Mahali dhoruba ilipo kuhusiana na Madagaska ndipo penye siri, kwa hiyo ongeza safu moja ya mvua ya Nairobi kwenye daftari. Lakini usimbebeshe kimbunga kila kitu. Mafuriko ya Aprili 2024, pamoja na msiba wa Mai Mahiu wa tarehe 29, yalitangulia Hidaya. Mpaka leo nasikia watu wakiyaunganisha, pengine kwa sababu tarehe 3 Mei, Rais Ruto alipoahirisha kufunguliwa kwa shule, Hidaya ilitajwa kwenye hotuba ileile. Siku iliyofuata ilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, ikiwa imepungua nguvu.

Sasa lile kundi la familia. Kosa la utabiri wa njia huwa makumi ya kilomita kwa siku moja na mamia kwa siku tano, kwa hiyo picha ya zaidi ya siku tano usiitume kamwe. Na usitume picha peke yake. Picha husambazwa bila maneno yako na kufika Kilifi ikiwa imeshatangazwa kuwa ni hakika. Andika maneno: nani amesema, saa ngapi, nini hakijulikani, na lini utarudi. Kwa mfano:

“Kuna dhoruba yenye jina kaskazini mwa Madagaska. Taarifa ya La Réunion ya leo asubuhi inasema huenda ikaelekea kusini mwa Dar es Salaam kabla ya Jumamosi. Kama itageukia kaskazini bado haijulikani. Idara ya Hali ya Hewa haijatoa onyo kwa Malindi. Mawimbi yanaweza kupanda kuanzia Alhamisi, mjomba aulize BMU. Nitaandika tena kesho saa nne asubuhi.”

Kisha andika kweli kesho saa nne, hata kama hakuna jipya. Mama atalala akijua habari ina saa yake. Na Idara ikitoa onyo ambalo daftari lako halilioni, fuata la Idara. Wao wana vipimo na simu za wenzao wa Tanzania na La Réunion ambavyo wewe na mimi hatuna.

Kuhusu Windy, usilipe kwa sasa. Ile ya bure inakuonyesha GFS na ya Ulaya, upepo, mawimbi na mgandamizo, na hayo ndiyo yote daftari linayoyahitaji. Ya kulipia huongeza matoleo yanayokuja kwa haraka zaidi na hatua fupi za saa, jambo linalomfaa nahodha anayeondoka leo. Weka hizo pesa kwenye bando, na Novemba msimu ukianza chagua dhoruba ya kwanza itakayopata jina, hata ikiwa mbali kule Morisi, uifanyie mazoezi ya nukta tangu siku ya kwanza hadi ife.